Mwaka Niliompimia Mheshimiwa Dagaa

Mama Neema, mpangaji mwenzangu wa zamani, alinipigia simu mchana, nikiwa zizini kwa mfugaji mmoja kule Momela, nimevaa gambuti na mikono michafu mpaka viwikoni. Mfugaji akanishikia simu sikioni. "Bi Salma katutoka," alisema Mama Neema. Papo hapo akaanza kucheka katikati ya kilio: "Na juzi tu alikuwa anakuulizia. Mpima paka wangu yuko wapi, mbona haji?" Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi, bado kidogo nistaafu. Nimepimia chakula ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku nisioweza kuwahesabu, na hakuna anayenikumbuka kwa hao. Lemara, mtaa wa Arusha nilikopanga ujanani, inanikumbuka kwa paka mmoja. Haya, sikatai. Ila niliponawa mikono na kukaa juu ya ndoo pale zizini, niliamua kuandika habari za mwaka ule kama zilivyokuwa, maana watu wanazisimulia vibaya. Wanasema nilimwokoa paka. Paka hakuwa na shida hivyo. Aliyekuwa anakwisha kwa njaa ni mwenye paka, ndani ya nyumba yenye chakula, na mimi nilikuwa chumba cha pili nimeshika mzani.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha mifugo mkononi, ajira ya serikali haijatoka. Nilipata kazi ya kuuza katika duka la dawa za mifugo karibu na soko la Kilombero, na chumba nikakipata Lemara kwa Bi Salma, mama wa Pangani, kule pwani, aliyekuja Arusha na mumewe kabla sijazaliwa. Ilikuwa nyumba ya kupanga kama zilivyo nyingi: vyumba vitano vinauzunguka ua wa saruji, bomba moja katikati, kila mpangaji na jiko lake la mkaa mlangoni pake. Chumba changu kilikuwa karakana ya marehemu mumewe, Mzee Athumani, fundi magodoro ya sufi. Alikuwa amefariki miezi mitano kabla sijahamia, na sufi yake ilikuwa bado imenasa kwenye mbao za dari. Upepo wa mlimani ukivuma, ilishuka pole pole mpaka kwenye kikombe changu cha chai. Nimekunywa sufi mwaka mzima, wala sijafa. Pembeni palikuwa na godoro moja ambalo mzee hakuwahi kulimaliza kulishona, na juu yake alilala paka mweupe mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, mkubwa kupita adabu. Wapangaji walimwita Mheshimiwa, kwa sababu alitembea uani na lile tumbo lake kama mbunge aliyekuja kuzindua choo cha shule. Bi Salma alimwita Baba.

Mwezi wa sita, baridi ya Arusha ikiwa imekaza, Mheshimiwa alijaribu kuruka juu ya pipa la maji. Zamani, waliniambia, alikuwa analiruka kama hana habari nalo. Siku ile alifika nusu, akaning'inia kwa kucha, akaanguka chali, miguu juu. Ua mzima tuliangua kicheko, mimi nikiwa wa kwanza. Bi Salma hakucheka. Alimwinua kwa shida, akamfuta maji kwa upindo wa kanga yake, kisha akaniita chumbani kwake. Sikuwahi kuingia mle. Palikuwa na kitanda cha chuma chenye neti iliyofungwa fundo juu, redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, harufu ya udi iliyochakaa, na kofia ya mzee kwenye msumari. Akanimiminia kahawa chungu. "Wewe si daktari wa wanyama?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, Bi, mimi nauza dawa tu, nina cheti. "Cheti cha nini?" Cha mifugo. "Na paka hafugwi?" Akazizungusha kwa shida bangili zake za fedha zilizombana. "Mwanangu, Athumani kaniachia nyumba na huyu. Nyumba haiitikii ukiiita. Huyu naye akinifia, asubuhi nitamsemesha nani?" Aliyasema hayo bila kulia, na ndiyo maana yaliniingia zaidi. Nikamwahidi kwamba paka hatakufa. Umri ule mtu anaahidi tu.

Nilikuwa na kiburi cha cheti, niseme ukweli. Jumamosi nikaazima mzani wa kuning'iniza pale dukani, ule wa kupimia viroba vya pumba, nikaufunga kwenye mhimili wa mlango, nikamtia Mheshimiwa katika kiroba, kichwa nje. Alilia kilio hadi majirani wa nyumba ya pili wakaja kuuliza kuna msiba gani. Kilo saba na robo. Nikafungua daftari langu la chuo, nikaenda kwenye ukurasa niliouamini kuliko yote: ng'ombe wa maziwa hula chakula kikavu kilo tatu kwa kila kilo mia za uzito wake. Nimekulia Machame, kwetu ng'ombe yuko ndani ya banda na majani yake hupimwa kabla ya chai ya baba, kwa hiyo kanuni ile ilikuwa kama sala ya Baba Yetu. Nikapiga hesabu: kilo saba, gramu mia mbili na kumi. Pale dukani tuliuza dagaa wa kuchanganyia chakula cha kuku, wenye mchanga mwingi. Nikawa nawapepeta, nawaosha, napima gramu mia mbili na kumi bila kukosea hata moja, nampelekea Bi Salma kwenye kopo. "Hicho ndicho kipimo cha kitaalamu," nilimwambia. "Usimzidishie." Alipokea kopo kwa mikono miwili. Baada ya wiki mbili Mheshimiwa alikuwa kilo saba na nusu.

Nilimpelekea daftari bosi wangu, Dakta Nanyaro, Mmeru mmoja mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyetibu ng'ombe kuzunguka mlima wote. Akasoma. Akauliza, "Umetumia kanuni ipi?" Nikasema ile ya ng'ombe, Dakta. Akaweka miwani mezani, akacheka mpaka akakohoa, kisha akamwita mteja aliyekuwa anachagua dawa ya kupe. "Njoo usikie, mzee mwenzangu! Huyu dada kamtengenezea paka mgawo wa ng'ombe wa maziwa. Hebu tuambie, binti, asubuhi anakamuliwa lita ngapi?" Natamani ningesema nilicheka nao. Nilinuna mpaka saa tisa. Ndipo alipovuta stuli akakaa karibu yangu, na yale aliyonifundisha nimeyatumia mpaka leo. Majani ya ng'ombe, alisema, ni nyuzinyuzi tele, lazima ale mengi ndipo ashibe. Dagaa mkavu ni nyama iliyokaushwa, kidogo tu kinatosha. "Na kosa lako la pili ndilo kubwa. Umempimia kwa uzito alionao. Ukifanya hivyo unalisha unene. Mpimie kwa uzito anaotakiwa kuwa nao. Mifupa ya paka huyo ni ya kilo nne, haizidi nne na nusu." Akakunja mkono wangu ukawa ngumi. "Gramu sitini za dagaa wakavu kwa siku nzima. Konzi mbili, konzi yako wewe, siyo yangu. Moja asubuhi, moja jioni, uwaloweke. Siku ukimpa nyama au samaki mbichi, ongeza mara tatu hivi, maana ile ina maji. Na usimkate ghafla! Paka mnene akikaa na njaa siku mbili tatu, ini lake linajaa mafuta, anakufa huku unamwangalia. Mpunguzie wiki kwa wiki. Ukimpapasa ukazigusa mbavu bila kuzitafuta, umefika."

Basi nikaanza upya, kwa unyenyekevu kidogo. Nilipunguza wiki kwa wiki mpaka zikafika konzi mbili, na kila Jumamosi mzani, kiroba, kilio. Mwezi wa saba ukaisha, wa nane ukaisha. Mheshimiwa hakupungua. Kuna Jumamosi aliongezeka. Nikapima mzani wenyewe kwa mawe ya mizani ya dukani, mzani mzima. Nikaanza kuwaza kama polisi: kuna mtu anamlisha. Na kati yetu sote aliyekuwa na samaki ni Mama Neema, mpangaji wa chumba cha pembeni ya bomba, aliyekaanga samaki na kuwauza njia panda. Asubuhi moja, mbele ya wanawake wanaochota maji, nikamwambia kwa sauti ya cheti, "Mama Neema, naomba uache kumpa paka vichwa vya samaki. Unamuua." Jamani! Alitua ndoo. "Mimi? Mimi nimpe paka samaki? Samaki wangu nawajua mmoja mmoja kwa sura! Wanangu watatu wanagombania mkia, mimi nikamhudumie Mheshimiwa? We binti, kabla hujaja kunipima mimi, kapime adabu yako." Hakusema nami tena kwa mwezi mzima. Tulipishana bombani kama watu waliofiwa na watu tofauti.

Sasa niwaeleze desturi ya ua ule, maana bila hiyo hamtaelewa nilivyokuwa kipofu. Kila mchana Bi Salma alitandika mkeka mbele ya mlango wake na kuweka sinia. Kila aliyepita, alimwambia, "Karibu." Nasi sote, kila siku, tulijibu, "Ahsante Bi, nimetoka kula sasa hivi," hata kama tumbo linanguruma mpaka linasikika. Hivyo ndivyo tulivyolelewa: karibu ya chakula ni heshima, na heshima yake ni kuikataa. Na mpangaji anayekwenda kukaa kwenye sinia la mwenye nyumba jina lake linajulikana, ni mdoezi. Kwa hiyo tulipita. Mama Neema alipita, mimi nilipita Jumapili zote nikitoka kanisani, nikaingia chumbani kula ndizi zangu kwenye sahani yangu, mlango nimeurudishia. Nilijua saa ya kula ya paka yule kwa dakika. Ya Bi Salma sikuijua.

Siku moja ya mwezi wa tisa Dakta alifunga duka mapema kwenda mazikoni Usa, nje ya mji, nikarudi nyumbani saa saba mchana, siku ya kazi, ua mtupu. Nilikuwa nimesimama kwenye ujia, nafuta vumbi la viatu, nikaiona ile shughuli yote. Bi Salma alileta sinia: wali wa nazi, mchuzi wa papa mkavu aliyetumiwa kutoka kwao, mchicha. Wali wa watu wawili, umegawanywa vilima viwili, kimoja upande huu na kimoja upande ule. Akanawa. Akasema bismillahi. Akafinyanga tonge moja, akalitia mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu sana huku anaangalia upande wa pili wa sinia, pasipo na mtu. Akajaribu la pili, akalirudisha. Kisha akauvuta ule mkono wa dera kuufuta mdomo, na nikaziona bangili. Mwezi wa sita zilikuwa zinambana kwenye kifundo cha mkono. Sasa zilikuwa zimeteleza mpaka karibu na kiwiko, na mkono wenyewe ulikuwa kama mwiko. Akalisukuma sinia kidogo. "Kula, Baba," akasema. Mheshimiwa akapanda mkekani kwa haki zote, akaanza na kilima cha mzee, akahamia cha Bi Salma.

Sikuingia. Nilirudi nyuma mpaka barabarani, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta wa watu, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Kila Jumamosi nilikuwa naandika gramu. Nilijua paka ameongezeka robo kilo na sikujua kwamba mama wa watu, anayeniita mwanangu asubuhi na jioni, amepungua karibu nusu ya mwili wake mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimemwambia asimzidishie paka, akanisikiliza, maskini. Za paka zilikuwa konzi mbili vilevile kama nilivyoagiza. Alichompa juu yake ni chakula chake mwenyewe, na hicho sikuwahi kukiwekea safu katika daftari. Nilikwenda dukani kwa Dakta kesho yake, nikamweleza. Safari hii hakucheka. "Basi paka wako mzima," alisema. "Rudi nyumbani mchana. Chukua baiskeli yangu."

Nikarudi. Saa saba na robo nikapita mbele ya mkeka makusudi. "Karibu, mwanangu," alisema. "Ahsante Bi," mdomo wangu ukajibu wenyewe, "nimetoka kula sasa—" Nikajikatiza. Nikavua viatu. "Nimekaribia, Bi." Aliinua uso. Nadhani alidhani hakusikia vizuri. "Unakula?" Nakula. "Umeshika nguruwe leo?" Sikushika, Bi. "Nawa hata hivyo. Mara mbili." Nikanawa mara mbili. Nilipogeuka, Mheshimiwa alikuwa ameshakaa mahali pake, upande wa mzee, masharubu yanamcheza. Sikujua nikae wapi. Nilitaka kujibanza pembeni, lakini Bi Salma alikuwa anapaangalia pale alipo paka. "Sogea, Baba," akasema mwishowe. "Sogea, pana mtu." Paka hakusogea, ikabidi nimwinue mwenyewe, kilo saba na nusu, nikamweka kando, naye akanilaani kwa lugha yao. Nikakaa. Mimi nimezoea kijiko na sahani. Wali wa nazi kwa mkono ulinishinda, ukanidondokea kifuani, mapajani, mkekani. "Loo! Unakula au unapanda mpunga?" alisema Bi Salma, na akacheka, na akiwa anacheka akatia tonge mdomoni bila kujua. Alikula matonge tisa. Niliyahesabu, siwezi kuacha kuhesabu.

Tuliendelea hivyo. Siku nyingine alikula manne, siku nyingine akasema mzee alipenda papa huyu awe na ndimu zaidi, akalia, tukaacha sinia kama lilivyo. Nami nilipika: mtori, machalari, ndizi za kwetu kwa nyama. Aliyaonja kwa mashaka, akasema si mabaya kwa chakula cha watu wa baridi. Ikanibidi kwenda kwa Mama Neema kuomba radhi, mbele ya bomba lile lile, maana nilimtukana mbele ya bomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. "Unadhani hatukuona?" akasema, taratibu sasa. "Tuliona wote. Lakini mimi na watoto watatu niende nikae pale? Wangesema nadoea." Nikamwambia waseme. Jumapili iliyofuata alikuja na samaki watatu wa kukaanga kwenye gazeti, na wanawe, na mkeka ukawa mdogo. Mheshimiwa akabaki na konzi zake mbili na hasira zake. Mwezi wa kumi na mbili alikuwa kilo sita. Wa tatu, mvua zikianza, kilo tano kasoro, na nilimpapasa nikazikuta mbavu. Bi Salma alinyoosha mkono wake kirobani siku hiyo kumtuliza, na bangili hazikuteleza. Nilijifanya naangalia mzani.

Barua ya ajira ikatoka mwezi wa tano: afisa mifugo, Momela. Niliifurahia kwa dakika tano hivi. Baada ya hapo nilikosa usingizi, nikijiuliza nani atakaa kwenye ule mkeka siku za kazi, Mama Neema akiwa njia panda na samaki wake. Kumwuliza Bi Salma mwenyewe sikuthubutu, kwa sababu katika miezi ile yote hatukuwahi kulitaja jambo lenyewe. Yeye alisema ananilisha mimi niliyekuwa nakunywa chai na sufi, nami nilimwacha aseme hivyo. Asubuhi ya mwisho nilikuwa chumbani nafunga begi, mlango umerudishiwa, akaja msichana kutazama chumba, karani wa ofisi moja ya mjini, sauti nyembamba. Nikawasikia mlangoni. Msichana akaamkia shikamoo, akauliza kama maji yanatoka kila siku.

"Maji yapo," alisema Bi Salma. "Mchana unakula wapi?"

"Mgahawani, Bibi, karibu na kazini."

"Basi sikiliza, mwanangu. Mimi nilifiwa na mume wangu, na chakula cha peke yangu hakipiti. Nilikaribia kufa kwa hilo, humu humu ndani, na watu wamejaa. Sitaki tena. Anayepanga hapa mchana anarudi, anakula na mimi. Kama huwezi sitakulaumu, vyumba viko vingi, kuna vizuri tu Engutoto."

Nilikaa juu ya begi langu nikajiziba mdomo kwa kanga. Kisha yule msichana akauliza wanakula saa ngapi.